Mashine ya Kufua Ikikataa Kukamua: Angalia Haya Kabla ya Kwenda kwa Fundi

*Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na kina mama wanaofua nguo za nyumba za wageni, Shela*



Mashine yetu ya nyumbani iliwahi kugoma kukamua. Tuliipakia kwenye boti hadi mjini Lamu, kisha mkokoteni ukaifikisha kwa fundi. Fundi akafungua chujio, akatoa kifungo cha shati na mchanga. Basi. Nauli tulikuwa tumeshalipa, na ya kurudi ikatungoja.

Kwa hivyo, kabla ya kuita boti, tufuate hatua hizi.

Kwanza, kausha mikono, zima mashine na uchomoe plagi.

Pili, tazama kama maji yamebaki ndani. Mashine nyingi hazikamui mpaka maji yatoke. Nyoosha mpira wa kutolea maji kama umejikunja. Mashine za mlango wa mbele huwa na chujio chini, nyuma ya kifuniko kidogo. Subiri maji yapoe, tega beseni, fungua polepole, kisha osha uchafu.

Tatu, kama maji yametoka, tazama nguo. Shuka zikijiviringa upande mmoja, au blanketi zito likiwa peke yake, uzito huegemea na mashine hujizuia. Zipange upya au uzipunguze. Hakikisha miguu yote ya mashine imekaa sawa sakafuni na mlango umefunga barabara.

Sasa rudisha plagi, ujaribu. Ikinguruma bila kuzunguka, au ukisikia harufu ya kuungua, zima mara moja. Huenda umeme umepungua nguvu, ukanda umekatika au mota ina hitilafu.

Hapo ndipo mwisho wetu. Usifungue mgongo wa mashine. Ndani huenda mna kapasita, na hiyo huweza kubaki na umeme hata plagi ikiwa imetoka. Pia usitie mkono ndani ya kikamuzi kabla hakijasimama kabisa.

Na mashine ikikurusha, hata kidogo, usiizoee. Izime kwenye swichi ya ukutani bila kuigusa, umwite fundi wa stima aliyehitimu akague nyaya, hasa ule waya wa kupeleka umeme ardhini. Hewa yetu ya chumvi hula chuma.

Shuka zikichelewa, mgeni atangoja. Fueni salama.