Nishani Zisizo na Jina

(Maneno yaliyosemwa kwenye sherehe yetu ya Siku ya Uhuru)

  

Nimeombwa nizungumzie nishani tatu mlizoziona pale mezani karibu na mlango. Wiki iliyopita mzee wetu mmoja aliniuliza, na ana haki ya kuuliza: "Mwanangu, Siku ya Uhuru tunaanikaje nishani za mfalme aliyetutawala?" Mzee, shikamoo. Nitakujibu, ila kwanza nieleze zilikuwa za nani.

Zilikuwa za babu yangu mzaa mama, mtu wa Songea. Aliingia Keya, yaani King's African Rifles, wakati wa vita ya Hitla. Mbili ni nyota zenye pembe sita. Yenye utepe wa buluu iliyokolea, nyekundu na buluu ya mbingu ni Nyota ya 1939–1945. Rangi hizo ni za jeshi la maji, la nchi kavu na la anga. Yenye nyekundu pana katikati, na buluu yenye mstari wa chungwa kila upande, ni Nyota ya Burma. Ya tatu ni ya duara, ina kichwa cha Mfalme George wa Sita upande mmoja na simba upande wa pili.

Watoto, Burma siku hizi inaitwa Myanmar, iko Asia, jirani na India. Mtu wa Songea alifikaje huko? Kwa meli. Mwaka 1943 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Ndani yake zilikuwamo bataliani za Tanganyika, ya 26 na ya 36, pamoja na vijana wa Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Katikati ya mwaka 1944 wakaingia Burma. Wakawafukuza Wajapani kwenye bonde la Kabaw, tena katika msimu wa mvua ambao majeshi mengi husimama. Mwanzoni mwa Desemba 1944 wakaiteka Kalewa, kwenye mto Chindwin.

Babu alikuwa mbeba machela. Vita vyenyewe hakupenda kuvisimulia. Alisimulia matope, ruba miguuni, na vidonge vya malaria walivyomeza kila siku mpaka ngozi ikawa ya njano. Vidonge hivyo vilikuwa mepakrini. Nilipokuja kusoma shahada ya uuguzi hapa Uingereza nikakuta kweli dawa ile hugeuza ngozi rangi, nikajua mzee hakuwa anatia chumvi. Wodini kwetu, kumhamisha mgonjwa kutoka kitanda kimoja hadi kingine tuna shuka la kuteleza na watu wanne, na jioni mgongo bado unauma. Wao walipanda milima na majeruhi begani, mvua ikinyesha.

Wengine hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa topido na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa muda wa kama dakika mbili. Walikufa karibu watu 1,300, wakiwamo mamia ya askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki, na wanawake 77, wengi wao wauguzi. Kwa hiyo wenzangu wa kazi na vijana wa kwetu wamelala bahari moja. Mwezi wa Novemba mnapovaa ua jekundu shuleni, wanangu, msidhani mnawasindikiza wenzenu kwenye msiba wao. Huu msiba ni wenu pia.

Baada ya vita, malipo ya kuagwa jeshini hayakuwa sawa. Hati ambazo waandishi wa habari walizitoa hadharani mwaka 2019 zinaonyesha kwamba askari mweusi aliweza kupewa theluthi tu ya alichopewa mzungu wa cheo kile kile. Babu alirudi Songea na nishani hizi kwenye kopo la majani ya chai, akashika jembe.

Sasa naomba mkitoka mzigeuze. Nyuma ya nyota hakuna kitu. Nishani za Vita ya Kwanza ziliandikwa jina la askari ukingoni. Hizi nyota Waingereza walizitoa bila jina. Kazini kwangu, mgonjwa asiye na utepe wa jina mkononi hapewi dawa mpaka ajulikane ni nani, maana mwili usio na jina ni rahisi kuukosea. Nishani nayo ni vivyo hivyo. Ikitoka mkononi mwa jamaa inakuwa chuma cha mnadani. Na ukoo wetu umezoea kukosa jina: wapagazi wa Vita ya Kwanza, wale ambao jeshi lao la kubeba mizigo limetuachia jina la Kariakoo, wengi hawakuandikwa popote. Tume ya makaburi ya vita yenyewe ilikiri hivyo mwaka 2021.

Basi mzee wangu, jibu langu ni hili. Sisemi askari wa Burma ndio walioleta Uhuru. Uhuru uliletwa na TANU na wananchi, wanawake kwa wanaume. Wala sisemi mfalme alitutendea wema. Nasema chuma ni cha mfalme, lakini miguu iliyotembea Kabaw ilikuwa yetu. Na usiku wa Uhuru, Desemba 1961, aliyepandisha bendera na mwenge kileleni Kilimanjaro alikuwa Alexander Nyirenda, ofisa kijana kutoka jeshi lile lile la Keya. Nchi huru ilirithi watu, na watu hao walikuwa na historia. Tukiwaficha kwa sababu ya kichwa cha mfalme, tutakuwa tumemwachia mfalme hata babu zetu.

Nawaomba mambo matatu. Kwanza, mwenye nishani nyumbani asizisugue kwa dawa ya kung'arisha, wala asiache utepe juani. Pili, andika kwenye karatasi jina kamili la mwenyewe, kijiji na yote unayoyajua, uiweke pamoja nazo. Tatu, leo usiku kabla ya kulala, wapigie simu wazee nyumbani. Waulize nani alikwenda vitani, nani alirudi, nani hakurudi. Rekodi sauti zao, na watoto wasikie.

La babu yangu nimeshaliandika. Limo ndani ya kopo.