RISASI ILIYOTOKA CHUMBA CHA EKSIREI: HATARI IKO WAPI?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi. Twayapiga chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa kazini siku ile.

Ndugu wanachama,

Tumeombwa tuseme machache juu ya risasi. Hatusemi ile ya bunduki peke yake, twasema madini yenyewe. Lugha yetu imevipa vitu hivi viwili jina moja, kwa kuwa tangu zamani risasi ya bunduki husubiwa kwa madini ya risasi. Leo jina hilo moja litatufaa, maana swali tulilopewa linagusa vyote viwili.

Swali ni hili. Wenzetu wa kazi ya kubomoa walitumwa kuvunja chumba cha eksirei katika jengo kuukuu. Ndani ya kuta na ndani ya mlango walikuta mabamba ya risasi, membamba lakini mazito kupita kiasi. Msimamizi akaamuru yakunjwe, yapakiwe, yakauzwe kwa watu wa skrapu. Mwenzetu mmoja akauliza: "Mabamba haya yamepigwa na miale miaka yote hii. Je, hayakuinywa? Yakiyeyushwa, miale hiyo haitatutokea?" Msimamizi akacheka, akasema hakuna kitu. Mwenzetu hakuridhika, akaja ofisini kwetu na swali lake. Alifanya vyema. Mtu anayeuliza habari za kazi yake si mwoga.

Wala si yeye wa kwanza kuuliza. Huko Marekani wako watu wengi wapenda shabaha ambao husubu risasi za bunduki zao wenyewe nyumbani. Hao hununua risasi kuukuu popote waipatapo: mabomba ya zamani, vizito vya magurudumu ya motokaa, na pia ile iliyotolewa mahospitalini, yaani mabamba ya kuta na vile vikopo vizito ambavyo dawa za miale huchukuliwa ndani yake. Nao huulizana swali lile lile. Hapa Kenya mtu akisubu risasi za bunduki bila ruhusa atajibu mbele ya hakimu. Lakini madini ni yale yale, na moto ni ule ule. Kwetu husubiwa chubwi za wavuvi na vichwa vya betri, na risasi nyingine hutiwa katika lehemu. Kwa hivyo jibu linalowafaa wao latufaa na sisi.

RISASI HAIWEKI MIALE

Tuanze na lile la kuondoa hofu. Bamba la risasi lililokaa ukutani likikinga miale ya eksirei halihifadhi miale hiyo. Fikirini pazia la dirisha. Jua lapiga pazia mchana kutwa, nalo lazuia mwanga usiingie. Usiku ukifika, je, pazia lawaka? Haliwaki. Mwanga uliozuiwa umekwisha palepale. Na mashine ya eksirei ni kama taa ya stima: swichi ikizimwa, hakuna miale tena, wala katika mashine, wala katika ukuta, wala katika mgonjwa.

Hata miale yenye nguvu zaidi itokayo katika kobalti na sizi, ambazo zimetumika kutibu saratani, haiifanyi risasi iliyoikinga kuwa na miale yake.

Ziko tofauti mbili, nasi hatutazificha. Ya kwanza ni vitu vilivyotoka karibu na tanuri za atomu, au katika mashine kubwa kabisa za stima za kutibu saratani. Humo mna chembe ziitwazo nyutroni, nazo zaweza kuamsha miale ndani ya chuma chenyewe. Vitu vya namna hiyo visiguswe kabla ya kupimwa. Ya pili ni vile vikopo vya dawa. Dawa yaweza kudondoka ndani yake. Lakini dawa nyingi za hospitali huisha nguvu upesi. Teknishiamu, inayotumika sana kupiga picha za viungo, hupungua nusu kila baada ya saa 6. Kwa hivyo baada ya saa 60 haibaki hata sehemu moja katika elfu. Iodini ya miale hupungua nusu kwa siku 8, basi hesabu yake ni siku 80. Kikopo kilichokaa stoo mwaka mzima hakina haja ya kututisha kwa ajili ya dawa hizo. Hata hivyo kipimwe, kwa maana si kila kikopo kilichukua dawa hizo.

Basi msimamizi yule hakukosea juu ya mabamba. Alikosea aliposema hakuna kitu. Viko vitu viwili.

HATARI YA KWANZA: KILICHOSAHAULIKA NDANI

Bamba ni jambo moja, na chungu kilichofungwa ni jambo jingine. Mtu hatengenezi chungu kinene cha risasi na chuma kwa ajili ya pambo. Amekitengeneza ili kifungie kitu. Swali la kuuliza ni hili: kitu hicho kimetolewa, au kimo bado?

Katika mji wa Goiânia, nchi ya Brazil, hospitali moja ndogo ya kutibu saratani ilihama ikaacha mashine yake katika jengo bovu. Mwezi wa Septemba mwaka 1987 watu wawili wakaingia, wakang'oa sehemu yake nzito, wakaiuza kwa mwenye uwanja wa skrapu. Ndani mlikuwa na unga wa sizi, ambao usiku ulitoa mwanga wa buluu. Watu waliupenda wakagawiana, wengine wakajipaka mwilini. Vijana wawili walioajiriwa uwanjani, mmoja wa miaka 22 na mwingine wa miaka 18, walipewa kazi ya kutoa risasi katika mabaki ya kile chombo. Wote wawili walikufa. Akafa pia mtoto wa kike wa miaka 6, na mke wa mwenye uwanja. Mama huyo ndiye aliyetambua ya kwamba watu wengi wanaugua kwa wakati mmoja, akahakikisha mabaki yamefikishwa kwa wakubwa wa afya. Watu zaidi ya 112,000 walipimwa, na 249 walikutwa wameingiwa na ule unga.

Mwaka 2000 mambo kama hayo yalitokea Samut Prakan, karibu na Bangkok, nchi ya Thailand. Kichwa cha mashine ya kobalti kilifika uwanja wa skrapu, kikakatwa kwa moto wa gesi. Watu 10 waliugua vibaya, watatu wakafa, na wote watatu walikuwa watu wa uwanja ule.

Tazameni, ndugu zetu. Katika habari hizi zote mbili hakuna aliyedhurika kwa sababu ya risasi iliyokinga miale. Wamedhurika kwa kuivunja risasi iliyokuwa ingali ikikinga. Wala kukaa muda mrefu si dawa hapa. Kobalti hupungua nusu kwa miaka 5 na zaidi kidogo, sizi kwa miaka 30. Sizi iliyoachwa mwaka 1987, nusu yake ilikuwa ipo bado mwaka 2017.

Jifunzeni alama. Iliyo ya zamani ni mabawa matatu meusi yanayozunguka kitone, juu ya rangi ya manjano. Tangu mwaka 2007 iko nyingine, pembe tatu nyekundu yenye fuvu la kichwa na mtu anayekimbia. Maana yake ni moja: usifungue, ondoka. Lakini kibandiko huweza kubanduka na rangi huweza kufutika. Kwa hivyo uzito wenyewe uwe alama. Debe la maji ni kilo 20. Debe hilo hilo likijaa risasi ni zaidi ya kilo 220. Ukikutana na kitu kidogo ambacho wanaume wawili hawawezi kukiinua, simama uulize. Ukiwa na shaka, rudi nyuma na uwazuie wengine. Ukiongeza umbali mara mbili, miale ikupatayo hupungua hadi robo yake.

HATARI YA PILI: RISASI YENYEWE

Hii ndiyo hatari ya kila siku, na ndiyo isiyosemwa. Tajiri aweza kuleta mtu mwenye mashine ya kupima miale, nayo ikanyamaza kimya. Wote wakashangilia: "Ni salama!" Lakini mashine ile imejibu swali moja tu. Haikuulizwa juu ya sumu ya risasi, wala haiwezi kuijibu.

Risasi huyeyuka kwa joto la digrii 327, hata jiko la makaa lauweza moto huo. Moto ukizidi, mvuke wake huzidi, na ukikata bamba kwa moto wa gesi mvuke huwa mwingi sana. Zile takataka za kijivu zinazoelea juu ya sufuria, zikikwanguliwa huwa vumbi. Vumbi hilo laingia puani. Laingia mikononi, kisha katika chapati na sigara, kisha tumboni. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii mvuke huo. Na bamba lenye maji likitumbukizwa katika risasi iliyoyeyuka, maji hugeuka mvuke mara moja, na risasi ya moto yaruka usoni mwa mtu.

Sumu hii haina haraka. Mtu huumwa na tumbo, hufunga choo, huumwa na kichwa, husahau mambo, huwa mkali kwa watu wake bila sababu. Ikizidi, damu hupungua, mafigo huharibika, kiganja hulegea kisiweze kuinuka. Risasi hujificha ndani ya mifupa miaka mingi. Mama mwenye mimba humpa mtoto aliye tumboni. Na baba arudiye nyumbani na nguo zake za kazi humpelekea mtoto wake sumu badala ya mkate. Shirika la Afya la Dunia lasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara.

Hapa hatuna haja ya kwenda Brazil. Huko Thiaroye-sur-Mer, mtaa wa Dakar, nchi ya Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 hadi Machi 2008 kwa sumu ya risasi ya betri kuukuu. Na hapa kwetu Mombasa, watu wa Owino Uhuru waliishi ukutani mwa kiwanda cha kuyeyusha betri mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Bi. Phyllis Omido na majirani wakashitaki, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3. Waliougua pale hawakupigwa na miale yoyote. Ni risasi tu.

HABARI YA MAZIWA

Liko jambo moja ambalo lazima tulitoe. Mahali pengi mfanyi kazi wa vumbi na moshi hupewa pakiti ya maziwa jioni, akaambiwa yatamsafisha. Maziwa ni chakula kizuri, nasi hatukatai. Lakini hayaitoi risasi iliyokwisha kuingia katika damu na mifupa. Tajiri anayetoa maziwa badala ya sabuni, maji na hewa safi ametafuta njia ya bei nafuu.

TUNAYOYATAKA

1. Kabla ya kuvunja chumba chochote cha eksirei au cha kutibu kwa miale, tuonyeshwe hati kwamba kila mashine na kila chombo chenye miale kimeondolewa. Wenye madaraka ya jambo hili ni halmashauri ya Serikali ya kusimamia mambo ya nyuklia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019.

2. Chombo kizito kilichofungwa, kisichojulikana, kisifunguliwe, kisikatwe, kisipakiwe, mpaka kipimwe.

3. Risasi iyeyushwe mahali pake peke yake penye mtambo wa kuvuta mvuke, na wafanyi kazi wapewe vifaa vya kupumulia vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mabamba yakunjwe au yakatwe kwa mkasi, si kwa moto wa gesi.

4. Kuwe na maji na sabuni, na mahali mbali pa kulia chakula. Nguo za kazi zibaki kazini na zifuliwe kazini.

5. Damu ya kila anayeshika kazi hii ipimwe risasi kwa gharama ya tajiri, na mwenye damu aambiwe matokeo yake.

6. Dada zetu wenye mimba wapewe kazi nyingine bila kupunguziwa mshahara.

Haya si maombi ya hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanyi kazi akiona hatari kubwa atoe habari, na tajiri asimrudishe pale mpaka hatari iondolewe. Yasema tena, mahali penye watu 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Na sheria ya fidia ya mwaka huo huo yahesabu ugonjwa uliotokana na kazi, si kuvunjika mguu tu. Lakini sheria ni kama jembe lililotundikwa ukutani. Halilimi mpaka lishikwe.

Kwa hivyo twamwambia mwenzetu aliyeuliza: usiogope bamba kwa ajili ya miale yake. Ogopa chungu usichojua kilicho ndani. Na bamba hilo hilo lisiloogopesha kwa miale, liogope litiwapo motoni. Atakayekwambia hakuna kitu, mwambie akuonyeshe hati, kisha mwulize mahali pa kunawa mikono pako wapi. Akikosa jibu, usibishane naye peke yako. Njoo chamani, tutakwenda pamoja.

Umoja ni nguvu.