Sufuria Moja ya Krismasi kwa Watu Wote

(Mazungumzo na akina mama, akina baba na vijana wa Tuwan, Kitale)



Desemba ndiyo hii. Mahindi yanavunwa, watoto wamefunga shule, na pale steji ya Kitale matatu za kutoka Bungoma, Webuye na Eldoret zinashusha watu na mizigo. Wageni wanakuja. Hapa Tuwan hata mwenye chumba kimoja atatafuta kuku na unga wa chapati, na watoto wanangojea soda. Ni vizuri. Hatukuja kuwaambia msile. Mtu akifanya kazi mwaka mzima, sikukuu ni haki yake.

Lakini leo tunataka tumfikirie yule mmoja anayekaa kando. Siku hizi ni vigumu kupata ukoo usio na mgonjwa wa sukari au wa presha. Uchunguzi wa Wizara ya Afya wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini Kenya alikuwa na presha iliyopanda, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa presha hata mara moja. Kwa hivyo mgonjwa anaweza kuwa shangazi yako, tena anaweza kuwa wewe mwenyewe na hujui.

Siku ya sikukuu mtu huyu ana taabu pande zote. Akila kila kitu, ataumia. Akikataa, tunamwuliza, "Mbona unaringa? Chakula chetu ni kibaya?" Na kwetu huku magharibi mwajua kwamba kukataa chakula cha mwenyeji ni kumvunjia heshima, sembuse mgeni aliyewekewa imondo! Basi anakula kwa aibu. Ama anapikiwa kijisufuria chake kando, anakula peke yake kama mtu aliyetengwa.

Shauri letu ni hili: tusimpikie kando. Tupike sufuria moja ambayo yeye anaweza kula, nasi sote tule. Chakula kinachomfaa mtu wa sukari kinatufaa sote, wazima kwa wagonjwa.

Sasa tutafanyaje?

Kwanza, mboga. Sikukuu ikifika tunaziona kama chakula cha siku za shida. Uchunguzi ule ule wa 2015 ulionyesha kwamba watu wazima 94 katika kila 100 hawakuwa wakila mboga na matunda ya kutosha. Na sisi tuko Trans Nzoia, ambako soko limejaa kunde, saga, managu, mrenda na seveve! Mgeni aliyekaa Nairobi mwaka mzima, mpe saga iliyotiwa maziwa uone kama ataitafuta chapati. Nusu ya sahani iwe mboga. Robo iwe ugali au chapati, si vyote viwili. Robo iliyobaki iwe kuku, nyama au maharagwe.

Pili, mafuta na chumvi. Wazee wetu walimchemsha kuku wa kienyeji polepole na mchuzi wake, wala hakuzamishwa kwenye karai la mafuta. Tumrudie huyo kuku wa kuchemsha. Nyanya, vitunguu, dania na tangawizi vitaleta utamu. Chumvi ya mtu mzima kwa siku nzima isizidi kijiko kimoja kidogo, pamoja na ile iliyo katika viungo vya pakiti. Tena tusiweke chumvi mezani.

Tatu, vinywaji. Soda ya chupa ya mililita 300 mara nyingi ina sukari gramu 30 hivi, yaani vijiko vidogo saba au nane. Nani kati yetu angetia vijiko vinane katika kikombe cha chai? Na mtoto siku hiyo anakunywa chupa tatu! Tuweke maji safi mezani, na uji wa wimbi usiotiwa sukari. Badala ya keki tukate papai, ndizi na avokado. Mtu wa sukari naye ale matunda, ila kipande kidogo.

Nne, saa ya kula. Hili ni kubwa, tusikilizane. Mgonjwa amejidunga insulini au amemeza dawa asubuhi. Halafu kuku anaiva saa tisa, wageni wanangojewa, chakula kinaliwa saa kumi. Sukari ya mwilini inashuka mno. Anatoka jasho, anatetemeka, anasema maneno yasiyoeleweka, na watu wanadhani amelewa. Mtu anaweza kufa hivyo katikati ya sherehe! Ukiona dalili hizo, na bado anaweza kumeza, mpe mara moja nusu chupa ya soda yenye sukari, au vijiko vitatu vya sukari ndani ya maji, kisha mpe chakula. Akizimia usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Lakini dawa bora ni kumpa chakula kwa saa yake bila kungojea wageni. Na pombe aiache: pombe nayo hushusha sukari, hasa kwa mwenye insulini na tumbo tupu.

Wengine husema, "Leo ni Krismasi, dawa nitaanza tena kesho." Hapana. Dawa ya presha na ya sukari haina likizo. Akisafiri kwenda Bungoma, aibebe ya kutosha mpaka atakaporudi.

Mwisho, tukumbuke Januari. Kuku mmoja na mboga tele kwa soda chache, pesa inabaki. Na Januari mwaijua: karo, sare na vitabu.

Basi kila mmoja wetu akifika nyumbani leo aulize swali moja: "Hapa kwetu ni nani anakunywa dawa, na anapaswa kula saa ngapi?" Akishapata jibu, ndipo aandike orodha ya kununua sokoni. Mgonjwa wetu naye akae mezani na wenzake, ale na kucheka kama sisi.

Tunawatakia sikukuu njema na afya njema.