Udongo Unaogeuka Uji Wakati wa Tetemeko: Mazungumzo kwa Watumishi na Wakazi wa Musoma, Bunda na Butiama



Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu na kubomoa nyumba nyingi mkoani Kagera, ng'ambo ya Ziwa Victoria. Baada ya hapo yalisemwa mengi kuhusu kuta na matofali. Yafaa pia kutazama kilicho chini ya kuta.

Mchanga uliolegea na kujaa maji hubeba nyumba kwa sababu moja tu: punje zake hugusana. Ardhi ikitikiswa, punje hutaka kusongamana, lakini maji yaliyo katikati hayapati njia ya kutoka upesi. Basi maji huanza kubeba uzito uliokuwa wa punje, na udongo huwa kama uji. Jengo huzama au kulala upande, tangi tupu lililofukiwa huibuka, na ukingo wa mto huteleza hata penye mteremko mdogo.

Muda wa mtikisiko una uzito mkubwa katika jambo hili, maana kila mtikiso huongeza shinikizo la maji. Tetemeko fupi laweza kwisha kabla mchanga haujalegea. Tarehe 11 Machi 2011 ardhi ya Japani ilitikisika kwa dakika kadhaa, na mji wa Urayasu, uliojengwa juu ya ardhi ya kujaziwa, ukatapika mchanga na maji ingawa kitovu kilikuwa zaidi ya kilomita 300. Huko Niigata, mwaka 1964, majengo ya ghorofa yalilala upande bila kuta zake kuvunjika. Uhodari wa waashi haukufaa kitu.

Afrika nayo haikuepushwa. Tetemeko la Rukwa la mwaka 1910 lilikadiriwa kufikia 7.4. Lile la Machaze, Msumbiji, la Februari 2006, lenye ukubwa wa 7.0, lilitoa mchanga na maji katika nyufa za ardhi.

Mkoani Mara, miamba ya Mlima Mukendo na vilima vya Butiama haiwezi kugeuka uji. Mahali pa kuangaliwa ni fukwe za mchanga za Musoma, kingo za Mto Mara kuelekea Kirumi, na tambarare za Bunda ambako Grumeti na Mbalageti huingia Ghuba ya Speke. Udongo mweusi wa mbuga ni suala jingine. Huo huvimba na kupasuka, lakini haulegei kwa namna hii. Tena ziwa lilipanda sana mwaka 1964, likapanda tena 2020 na 2024. Likipanda, maji yaliyo chini ya ufukwe hupanda nalo, na mchanga uliokuwa mkavu huloa. Ajabu ni kwamba viwanja hivyo ndivyo vinavyogombewa.

Kwa hiyo, kabla ya zahanati, shule au tangi la maji kupewa kiwanja karibu na ziwa, shimo la majaribio lichimbwe wakati wa masika, maji yakiwa juu. Likikutwa na mchanga laini na maji karibu, mhandisi aamue ama kushindilia ardhi, ama kushusha msingi hadi penye ardhi ngumu, ama kuhamishia jengo mlimani. Wazee wanaojua visima vifupi vya zamani waulizwe kwanza.