Ua wa Nyumba Ulio Salama

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za ua wa nyumba. Wengi wetu tukitaka kujenga ua huuliza swali moja tu: Je, mwizi ataweza kuuvuka? Swali hilo ni jema, lakini halitoshi. Mwizi pengine asije mwaka mzima, bali watoto wetu hucheza kando ya ua kila siku. Basi yatupasa kuuliza maswali matatu: Ua huu wamzuia nani? Waweza kumdhuru nani miongoni mwetu? Na moto ukiwaka, tutatokea wapi?

Tuanze na miti. Mnyaa, ambao wengine huuita utupa, hupendwa sana, kwa sababu kijiti chake kikichomekwa ardhini huota bila taabu, hustahimili ukame, wala wanyama hawauli. Lakini ukivunjwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa, na utomvu huo ukiingia jichoni huchoma vikali, hata mtu asione kwa siku kadhaa. Asipotibiwa, jicho laweza kuharibika. Nao watoto hupenda kuvunja vijiti ili wauone ule weupe. Mtoto akipatwa, msimwache alisugue jicho. Limiminieni maji safi bila kukoma kwa dakika 15 au zaidi, kisha mpelekeni hospitali upesi. Mti huu na upandwe mbali, penye mpaka wa shamba. Karibu na mlango haufai.

Mbono nao, ambao asili yake ni Amerika, hufanya ua mzuri, lakini mbegu zake zina sumu. Mtoto akizidhania kuwa njugu akazila, hutapika na kuhara, na huenda akawa katika hatari. Mkonge hauna sumu ya namna hiyo, lakini ncha za majani yake ni kali kama sindano, na mara nyingi huwa sawasawa na macho ya mtoto mdogo. Anayeupanda na aziweke mbali njia za kupita, tena azikate zile ncha.

Mchongoma una miiba, hilo twalijua. Lakini miiba huonekana, na mtoto hujifunza upesi kujihadhari nayo. Ukikatwa vema kila mara, huwa mnene hata kuku hapenyi. Hapo penye lango ukateni uwe chini ya kiuno cha mtu mzima, ili mtoto atokaye aione motokaa, na dereva amwone mtoto.

Wengine hupenda seng'enge. Bwana Joseph Glidden wa Marekani alipewa hati ya waya wake wenye miiba mwaka 1874, na kazi yake ilikuwa kuwazuia ng'ombe katika nyanda kubwa. Haikukusudiwa uwanja wa kuchezea watoto. Kama hapana budi kuitumia, nyuzi za chini ziwe za waya usio na miiba, na yenye miiba ikae juu ya kichwa cha mtu.

Tena lipo jambo la kukatazwa kabisa: kuunganisha waya wa ua na umeme wa nyumbani. Ua wa umeme uliotengenezwa kwa ustadi una chombo chake, kipelekacho umeme kwa mapigo mafupi yenye kipimo, ili aushikaye ashtuke na kuachia. Umeme wa nyumbani humkamata mtu na kumwua. Nao haumchagui mwizi, waweza kumwua jirani aliyekuja kuomba moto, au mtoto aliyefuata mpira.

Mwisho, ua wa makuti au wa mabua usigusane na paa, maana moto hupanda kwa njia hiyo kama kwa ngazi. Na kila ua uwe na njia mbili za kutokea, ambazo hata mtoto aweza kuzifungua kutoka ndani. Ua usiofunguka wakati wa moto umekuwa mtego.

Basi, jioni ya leo kabla jua halijachwa, zungukeni ua zenu pamoja na watoto. Inameni mpaka macho yenu yawe sawa na yao, mtazame yale wanayoyaona wao. Ncha mtakayoiona hapo, ikateni kesho asubuhi.