Vijana, Picha na Mazungumzo

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima, Songea

Natumaini kila kiongozi wa kikundi amekwisha kuita majina, na kila mtu ana kalamu yake. Lakini leo hatuanzi na kalamu. Wekeni picha moja katikati yenu. Picha yo yote yafaa: ya harusi, ya kipaimara, ya mtoto aliyemaliza shule, hata ya ng'ombe. Kama hakuna picha ya karatasi, simu ya mmoja wenu itatosha.

Sasa kila mtu aseme kitu kimoja anachokiona. Msiharakishe. Na msiseme mnachokijua juu ya picha hiyo, semeni mnachokiona.

Nawaomba mfanye hivyo kwa sababu ya jambo nililoliona mimi mwenyewe darasani, katika kijiji kimoja mashariki ya mji wetu. Nilikuwa nimeweka mezani picha ya njia inayoshuka mtoni. Ilikuwa njia ya vumbi tu, yenye nyayo za ng'ombe, na upande mmoja mabua ya mahindi. Mzee mmoja, mkulima, akasema, "Naona mahindi yaliyokanyagwa." Kijana mmoja mfugaji, ambaye siku zote hukaa karibu na mlango, akasema, "Mimi naona maji. Nimetembea siku mbili bila kuyaona." Darasa likanyamaza. Nikaogopa kidogo, maana nilijua kwamba kijijini hapo watu walikuwa wamegombana juu ya njia kama hiyo. Kisha mzee akamgeukia kijana akamwuliza, "Siku mbili kutoka wapi?"

Ndugu zangu, watu hawa wawili walikuwa wamesoma katika darasa moja kwa muda wa miezi miwili. Hilo lilikuwa swali la kwanza mzee kumwuliza kijana yule. Picha haikuwapatanisha, na njia ya mtoni ilibaki pale pale. Lakini swali liliulizwa, nalo likajibiwa. Leo nataka tuzungumze juu ya maswali ya namna hiyo, na jinsi vijana wa makabila mbalimbali wanavyoweza kuyapata kwa kutumia kamera.

Twende kwanza kwa jirani zetu wa Kenya. Tarehe 27 Desemba 2007 walipiga kura ya kumchagua Rais. Matokeo yalitangazwa siku tatu baadaye, na ghasia zikaanza. Mahali pengi watu walikuwa wakiulizana kabila kabla ya kuulizana jina. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na mji wa Eldoret, lilichomwa moto, na ndani walikuwamo watu waliokimbilia humo kujiokoa, wengi wao wanawake na watoto. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika ghasia hizo. Zaidi ya watu 300,000 waliyahama makwao. Tarehe 28 Februari 2008 wakubwa walitia sahihi mapatano mbele ya Bwana Kofi Annan, aliyekuwa mpatanishi.

Wakubwa walipatana. Je, na yule kijana aliyechomewa duka na kijana jirani yake?

Alikuwako mpiga picha wa gazeti, jina lake Boniface Mwangi, ambaye wakati huo alikuwa hajatimiza miaka 25. Alikuwa amezunguka na kamera yake katika siku zile mbaya, akapiga picha za mambo ambayo mtu hapendi kuyaona. Mwaka 2009 yeye na wenzake walianza kazi waliyoiita Picha Mtaani. Jina lenyewe laeleza kazi. Hawakuziweka picha katika jumba ambalo watu huingia kwa kulipa na kuvaa viatu vizuri. Walizitundika hadharani, barabarani na katika viwanja vya miji, mahali apitapo muuza nyanya na utingo wa basi. Wakaenda nazo mji hata mji. Watu walisimama wakatazama, na vijana wakaitwa kukaa pamoja na kuzungumza juu ya yale waliyoyaona na yale waliyoyatenda.

Wapo watakaouliza: kwa nini kukitonesha kidonda? Swali hilo ni la haki. Mimi nalijibu hivi. Kama kidonda kimepona, hakitaumia kikitazamwa. Kama hakijapona, heri kitazamwe mchana, mbele ya watu wengi, kuliko kila mtu kukitazama peke yake usiku akiwaza kisasi. Lakini sitawadanganya niseme kwamba picha ndizo zilizowafanya Wakenya wapige kura mwaka 2013 bila kurudi katika maafa kama yale. Walikuwa na katiba mpya ya mwaka 2010, na sababu nyingine nyingi. Picha hufanya kazi ndogo: humfanya mtu asimame. Akisha kusimama, ni juu ya mtu mwingine kumsemesha.

Zile zilikuwa picha za fundi. Tena, katika jiji hilo hilo la Nairobi, mwaka 1997, watoto wenyewe walikuwa wamepewa kamera. Ilikuwa katika mtaa wa Mathare, wenye nyumba za mabati na watu wa karibu kila kabila la Kenya. Kulikuwako chama cha vijana cha michezo, kiitwacho Mathare Youth Sports Association, kilichoanzishwa mwaka 1987. Bibi mmoja mpiga picha, Lana Wong, alishirikiana na chama hicho, wakawapa vijana kamera za plastiki za bei ndogo, wakawafundisha kuzitumia. Vijana wakapiga picha za mama zao, za mifereji ya maji machafu, za mpira, za rafiki zao wakicheka. Picha zao zilitoka katika kitabu mwaka 1999. Shabaha ya kazi ile haikuwa ugomvi wa makabila. Hata hivyo mimi naipenda kwa sababu moja: aliyezoea kupigwa picha na wageni alianza kuipiga yeye, akachagua mwenyewe nini kionekane.

Basi turudi nyumbani. Pengine mtasema, "Sisi Songea hatuna mambo ya Kenya. Sisi tuna utani." Kweli, utani ni mali kubwa. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo Mngoni na Mhehe wakikutana wanatukanana kwa furaha. Lakini utani ni wa watu waliokwisha kuzoeana. Katika miaka hii ya karibuni wafugaji wamehamia mkoani kwetu na ng'ombe wao, hasa upande wa Tunduru na Namtumbo. Wakulima na wafugaji hao hawakurithi utani kutoka kwa babu zao. Vijana wao wanakutana mtoni, wakati wa kiangazi, kila mmoja ana hasira yake.

Tena tusisahau kwamba sisi sote tulikuwa wageni au wenyeji wa mtu mwingine. Wangoni walitoka Afrika ya Kusini, wakafika hapa katika karne ya 19, wakawatawala Wandendeule na watu wengine waliowakuta. Lakini tazameni ajabu hii: lugha waliyokuja nayo ilimezwa. Kingoni kinachosemwa Songea leo kimetoka zaidi katika lugha za wale waliotawaliwa. Mama ndiye aliyemfundisha mtoto kusema, na mama wengi walikuwa wa hao wenyeji.

Ukitaka kuona jinsi picha inavyoweza kuwakutanisha watu, nenda hapa hapa mjini, katika Makumbusho ya Majimaji. Mnajua habari yake. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa 67, na tunawakumbuka kila mwaka. Ukoo mmoja huenda pale kumtafuta babu yake, na ukoo mwingine vivyo hivyo. Vita vya Majimaji vilikuwa vya makabila zaidi ya 20, na njaa iliyofuata haikuchagua kabila. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Bwana Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea akaomba msamaha, na jamaa za Nduna Songea Mbano bado walikuwa wakilitafuta fuvu la mzee wao. Mpelekeni kijana wa kifugaji mahali pale pamoja na kijana wa Kingoni. Muulizeni yule mgeni kwanza anaona nini.

Sasa, kama kikundi chenu kinataka kufanya kazi hii na vijana, shikeni maneno yangu machache. Wapangeni vijana wawili wawili, kila mmoja wa upande wake, na kila jozi wapeni simu moja. Ndiyo, moja. Wakiwa na simu mbili, kila mmoja atakwenda njia yake. Wakiwa na moja, itawabidi wasemezane: nani ashike, wasimame wapi, jua liko upande gani. Waambieni wapige picha za vitu vya kila siku. Maji, mlango wa nyumba, chakula cha jioni, kazi ya mikono. Wakirudi, mwenye picha anyamaze kwanza. Mwenzake ndiye aseme anachokiona, na asiyeelewa aulize. Mwenye picha atasema mwisho.

Halafu ndipo kalamu inapoingia. Chini ya kila picha waandike sentensi moja, fupi, iliyokubaliwa na wote wawili. Hii ni kazi ngumu kuliko mnavyofikiri. Nimeona vijana wakibishana nusu saa juu ya neno "wetu" katika "mto wetu". Mwalimu asiingilie. Ni mabishano mema, nayo yanawafundisha tahajia pia.

Lakini nina onyo, na nimelipata kwa kosa langu mwenyewe. Siku moja nilionyesha darasani picha ya shamba lililoharibiwa, na katika picha hiyo uso wa kijana mchunga ng'ombe ulionekana wazi. Sikumwomba ruhusa. Nilidhani ni mtu wa mbali. Kumbe alikuwa ndugu yake mwanafunzi wangu mmoja. Watu walicheka, wengine wakasema maneno makali, na mwanafunzi yule akakunja daftari lake akaondoka. Nilimfuata nyumbani mara mbili. Hakurudi darasani tena.

Kwa hiyo, msipige picha ya mtu bila idhini yake. Kama ni mtoto, mwombeni mzazi. Wala msiipeleke picha kwa simu hata simu bila maneno yaliyoandikwa chini yake, maana picha isiyo na maneno kila mtu huitia maneno yake. Ghasia nyingi siku hizi huanza hivyo: picha ya mwaka juzi, ya nchi nyingine, inatumwa usiku na mtu asiyejulikana, na asubuhi watu wameshika mapanga.

Kazi ya juma hili ni hii. Kila mwanafunzi amtafute mtu mmoja wa kabila lisilo lake, kijana au mzee. Amwombe amwonyeshe picha moja aliyo nayo nyumbani, au kitu kimoja kama hana picha. Amwulize swali moja. Kisha aandike sentensi mbili katika daftari: ya kwanza alichokiona yeye, ya pili alichoambiwa. Viongozi wa vikundi wazikusanye sentensi hizo kabla ya Ijumaa.

Juma lijalo tutasoma jinsi ya kuandika barua ya maombi kwa ofisi ya kijiji. Leteni bahasha moja moja.

Kwa herini.