Gogo litatokaje msituni?

Februari 2018, William Ruto, akiwa Naibu Rais wa Kenya, alitangaza kusimamishwa kwa ukataji miti katika misitu ya umma. Julai 2023, akiwa Rais, akaiondoa marufuku hiyo mwenyewe. Mabishano tangu hapo ni kuhusu nani akate. Mimi nauliza gogo litatokaje.

Huku Murang'a, kuanzia Kangema kupanda Aberdare, ni mteremko, bonde, kisha mteremko tena. Trekta likiingia shambani wakati wa masika huacha mifereji, mvua ikaifanya makorongo, na udongo mwekundu ukaishia mto Mathioya. Maksai wawili na mnyororo hupita kwenye kijia tu. Ncha ya mbele ya gogo ikiinuliwa kidogo hailimi ardhi, na mzigo hupungua. Ulaya na Marekani wapo wakataji miti wanaotumia farasi wazito kwa sababu hiyo hiyo. Farasi wetu, wale wa Nanyuki, kazi yao ni kubeba watalii.

Huku kwetu mzigo ni wa punda, naye anapungua. Sensa ya 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8; ya 2019, kama milioni 1.2. Biashara ya ngozi kwenda China ilichangia. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji wa punda mwaka 2020, mahakama ikabatilisha mwaka uliofuata. Kaunti zinazopenda kununua mashine zingeanza na daktari wa mifugo, na nira isiyochubua shingo.